Daraja la Katembe kule Maputo: linalipa, au ni pambo?

#1 DerevaWaMasafa
Wakuu, salaam. Nipo Maputo, Msumbiji, nasubiri mzigo, na chumba nilichopanga kinatazamana na lile daraja lao la kwenda Katembe, ng'ambo ya maji. Kwa wasiolijua: ni daraja la kuning'inia, mita 680 kati ya mnara na mnara, na Afrika hakuna la kuning'inia linaloruka umbali huo. Lilijengwa na kampuni ya CRBC ya China kwa mkopo wa Exim Bank ya huko huko China, Rais wa wakati huo, Nyusi, akalifungua Novemba 10, 2018. Bei inayotajwa ni dola milioni 785, ndani yake zikiwemo barabara za ng'ambo hadi Ponta do Ouro, mpakani na Afrika Kusini.

Kinachonisumbua ni hiki. Asubuhi nakaa kibarazani na chai yangu, naona gari moja linapita, halafu lingine, halafu kimya. Foleni ya Kigamboni hata robo haifiki. Kwa pesa ile wangenunua vivuko vingapi? Wenye hesabu na wenye ujenzi, karibuni. Wa vyama nendeni jukwaa lenu.

#2 Mama Zuhura Store
Nimeweka kambi hapa. Wajuzi wakifika mnishtue.

#3 Kigambonian
Mleta uzi, umeianzisha hoja ukiwa na chai, utaimaliza ukiwa na panadol. Kwanza ungetuambia tozo ni kiasi gani. Sisi wa Kigamboni tunajua daraja tupu maana yake nini: bei imewashinda watu.

#4 DerevaWaMasafa
Kigambonian, lilipofunguliwa gari dogo lilitozwa metikali 160, kama dola mbili na nusu, na malori makubwa yalipanda hadi metikali elfu moja na ushee. Kulikuwa na punguzo kwa wanaopita mara kwa mara. Kelele zilianza siku hiyo hiyo.

#5 Fundi Zege
Kabla hatujafika kwenye pesa, tunyooshe jambo moja maana naona watu watalinganisha Katembe na Kigamboni mpaka kesho. Si madaraja ya aina moja. Kigamboni nyaya zinashuka moja kwa moja kutoka mnarani hadi kwenye sakafu ya daraja, zimenyooka kama mshale. Katembe kuna nyaya kuu mbili zinazopita juu ya minara na kulegea katikati, mithili ya kamba ya kuanikia nguo, na sakafu imetundikwa kwenye nyaya hizo kwa vining'inizo. Ncha za nyaya kuu zimefungwa kwenye matofali makubwa mno ya zege yaliyozamishwa ardhini pande zote mbili. Hapo kwenye zege la ncha ndipo fedha nyingi huzama, na mpita njia hazioni.

Na angalieni hili: daraja ZIMA la Kigamboni lina urefu wa mita 680. Ni sawasawa na pengo moja tu la katikati la Katembe. Kwa hiyo anayesema "la kwetu lilijengwa kwa bei chee" ajue analinganisha nini na nini.

#6 Mhasibu Mstaafu
Fundi, ahsante. Sasa tujibu swali lililo nyuma ya hilo: kwa nini waliruka mita 680? Kwani nguzo haziwezi kusimama majini?

#7 Fundi Zege
Zinaweza. Lakini bandari ya Maputo iko ndani zaidi kuliko daraja. Kila meli ya makaa, ya chuma, ya makontena lazima ipite chini yake. Ndiyo maana sakafu iko mita 60 juu ya maji, na mkondo wa meli umeachwa wazi bila nguzo. Kigamboni sisi tulikuwa na bahati ya jiografia: daraja liko Kurasini, nyuma ya bandari, meli kubwa hazifiki kule. Lingejengwa pale Magogoni, mlangoni kabisa mwa bandari, leo tungekuwa tunaongelea deni tofauti kabisa. Magogoni pamebaki na pantoni, na si kwa uzembe.

#8 Binti Likoni
Haya, sisi wa Mombasa tumesikia meli tukaitika. Likoni ni hiyo hiyo hadithi: Kilindini iko ndani, kivuko kiko mlangoni. Daraja tulilochorewa na Wajapani linatakiwa liwe mita 69 juu ya maji. Michoro tumeonyeshwa, mikopo tumesikia imesainiwa, na mpaka leo twavuka na feri. Watu laki tatu kwa siku ndiyo hesabu inayotajwa. Huyo wa chai ya kibarazani aje asubuhi moja tu pale ngazini Likoni saa moja, aone kama atauliza tena feri ngapi zingenunuliwa.

#9 Kigambonian
😂😂 Dada ameanza.

#10 DerevaWaMasafa
Binti Likoni, heshima yako. Lakini umenisaidia hoja: laki tatu wanangoja Likoni hawana daraja, Katembe wana daraja hawana watu. Nani alipanga foleni hii?

#11 Mwana wa Palma
Ngoja nijibu mimi, maana hilo daraja ni la serikali yangu. Mimi ni mtu wa Cabo Delgado, nipo Mtwara sasa kwa sababu mnazozijua. Sisi wa kaskazini tuna hesabu yetu. Maputo iko kwenye ncha ya kusini kabisa ya nchi. Toka Palma hadi huko ni zaidi ya kilomita elfu mbili, na sehemu kubwa ya njia ni mashimo. Ukichukua milioni mia saba na zaidi ukaziweka kwenye ncha ile, ili mtu wa mjini afike ufukweni Ponta do Ouro jioni ya Ijumaa, mwenye akili wa kaskazini atakuuliza: na mimi?

Mnakumbuka Daraja la Umoja, Mtambaswala? Mita 720 juu ya Ruvuma, nchi mbili zimechanga, Kikwete na Guebuza wakalifungua mwaka 2010. Daraja zuri kabisa. Ukishavuka unaingia kwenye vumbi, mvua ikinyesha tope, miaka nenda rudi. Hapo tulikuwa na daraja bila barabara. Katembe angalau wamewekewa na barabara.

#12 Mzee Msata
Pole sana ndugu wa Palma. Ila hoja ya "na mimi?" hata Kigoma waliuliza tulipojenga Kigamboni. Kila mradi una wa kulalamika.

#13 Mwana wa Palma
Mzee wangu, shikamoo. Kulalamika kwa Kigoma na kulalamika kwetu si sawa. Kwetu vijana walipokosa cha kulalamikia walichukua bunduki. Sisemi daraja ndilo limeleta vita, ila usiweke kwenye mizani faida za Katembe ukaacha hiyo nje.

#14 Mzee Msata
Marahaba. Nimekuelewa.

#15 JichoLaTai
Si ndiyo zile pesa za mikopo ya siri? Dola bilioni mbili zilizoliwa, ile kashfa ya boti za samaki. Daraja limo humo. Kesi imefungwa.

#16 Mhasibu Mstaafu
JichoLaTai, hapana. Kashfa ile iliyolipuka mwaka 2016 ilikuwa ya mikopo ya kampuni tatu: Ematum, ProIndicus na MAM. Jodari, ulinzi wa pwani, matengenezo ya meli. Mkopo wa daraja ulikuwa wa wazi, umesainiwa na kutangazwa. Unaweza kuuita mkubwa mno, unaweza kuuita wa kipuuzi, lakini wa siri haukuwa.

Uhusiano upo, ila wa kuzunguka. Kashfa ilipolipuka wafadhili walifunga mifuko na metikali ikaporomoka. Mwaka 2014, ujenzi unaanza, dola moja ilikuwa metikali 30 na kidogo. 2016 ikavuka 70. Daraja lilipofunguliwa ilikuwa sitini na kidogo, na haijarudi. Sasa fikiri wewe ndiye mtoza tozo: unakusanya metikali, unadaiwa fedha za kigeni. Hata magari yangekuja yote yaliyotabiriwa, mapato yako yamekatwa nusu kabla lori la kwanza halijapita. Mimi nilikaa kwenye vitabu vya hesabu maisha yangu yote, na kwa maoni yangu hapo ndipo daraja lilipouawa. Tozo ya 160, Ponta do Ouro, hayo ni ya pembeni.

#17 JichoLaTai
Sawa mwalimu, lakini bado zimeliwa mahali.

#18 Mchuuzi wa Istanbul
Mhasibu #16 umenigusa. Mimi nafuata mzigo wa nguo Uturuki. Wale wana daraja la kuning'inia linaitwa Osman Gazi, lilifunguliwa 2016, mita 1,550 katikati. Mkataba wao ni kiboko: serikali ilimhakikishia mjenzi magari 40,000 kwa siku, kila gari dola 35 kabla ya kodi. Yasipofika, hazina inalipa pengo. Lira nayo ikaanguka vibaya. Kwa hiyo mwananchi anayepita analipa, na asiyepita kabisa, hata aliye kijijini karibu na Syria, analipa kupitia kodi. Na wenyewe wanaliona hivi hivi: wapo wanaolisifu kwa kuwapunguzia mwendo wa kuzunguka ghuba, wapo wanaolilaani. Kwenye basi nimewahi kukaa kati ya wawili wa namna hiyo, safari ilikuwa ndefu.

#19 Kigambonian
Hapo sasa ndipo ninapowaambia la Kigamboni lilijengwa kwa akili. Bilioni 214 na ushee za shilingi, NSSF asilimia 60, serikali 40. Deni la shilingi, tozo ya shilingi. Dola ikipanda isipande, daraja halijui.

#20 Mama Zuhura Store
Akili ya nani? Hizo 60 za NSSF ni pesa zetu za uzeeni. Mimi nimekatwa mshahara miaka yote, nikajenga daraja bila kuulizwa, na nikitaka kwenda kwa dada yangu Kibada nalipia kupita juu ya pesa yangu mwenyewe.

#21 Kigambonian
Mama, unalipia ndiyo pensheni yako irudi!

#22 Mama Zuhura Store
Irudi kwa nani, wakati mwenye bajaji analia na mwenye mfuko analia? Mwaka 2022 wakapunguza tozo watu tukashangilia. Mimi nilishangilia kama mpitaji, nikanuna kama mwanachama. Hebu Mhasibu aniambie nilipaswa nifanye lipi.

#23 Mhasibu Mstaafu
Vyote viwili mama, kwa wakati mmoja. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote humu na nimeona kila mtu amelikwepa.

#24 Mpemba wa Hull
Assalaam alaykum wanajukwaa. Niko Uingereza, mji wa Hull, na daraja letu hapa linaitwa Humber. Sikilizeni kisa chake, maana mnadhani hizi hesabu za ovyo ni zetu Waafrika peke yetu.

Januari 1966 palikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge hapa Hull. Serikali ilikuwa na wingi mwembamba bungeni, kiti kikiponyoka ni balaa. Waziri wa usafiri, Barbara Castle, akaja akaahidi daraja. Kiti kikapatikana. Daraja likafunguliwa 1981, mita 1,410, la kuning'inia refu kuliko yote duniani mpaka mwaka 1998. Magari? Machache. Kaskazini Hull, kusini mashamba na miji midogo. Riba ikala, deni likavimba likawa kubwa kuliko gharama ya ujenzi mara kadhaa, na tozo haikuweza hata kuifikia riba. Mwishoni serikali ikafuta pauni milioni 150, na Aprili 2012 tozo ya gari ikashushwa kutoka pauni 3 hadi 1.50.

Sasa nendeni mkawaulize watu wa hapa leo kama livunjwe. Watakutoa mbio. Mgonjwa wa upande wa kusini anatibiwa Hull, kijana anasoma upande huu analala upande ule. Miaka arobaini imepita, faida imekuja, ila imekuja kwa watu ambao si wao waliobeba deni mwanzo.

#25 Fundi Zege
Mpemba, wa alaykum salaam. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri. Miaka saba si umri wa kuhukumu daraja lililokusudiwa kusimama karne.

#26 DerevaWaMasafa
Fundi, deni halisubiri karne. Deni lina tarehe.

#27 Mhasibu Mstaafu
👆🏾 Hapo.

#28 Kaka wa Lushi
Jambo kwenu wote, nawaandikia toka Lubumbashi. Mumelisahau la kwetu. Kabla ya hilo la Maputo, la kuning'inia refu kuliko yote Afrika lilikuwa Matadi, juu ya mto Kongo. Wajapani walilijenga, likafunguliwa 1983 chini ya Mobutu, likapewa jina la cheo chake mwenyewe, Maréchal. Katikati ni mita 520, lote 722.

Kisa chake: lilichorwa kwa gari na kwa treni. Treni ilitakiwa itoke Matadi ifike Banana, baharini, pajengwe bandari ya kina kirefu. Chuma kikawekwa cha kubeba treni, deni likachukuliwa la kubeba treni. Reli haikujengwa mpaka leo. Tunapitisha gari juu ya daraja la treni, tangu sijaoa mpaka wajukuu. Sasa bandari ya Banana wameanza kuijenga kweli, DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ndio wako pale. Kwa hiyo mzee Fundi, miaka saba ni kidogo, lakini hata arobaini haikutosha kwetu.

#29 Mzee Msata
Kaka wa Lushi, na barabara yenyewe inasaidia?

#30 Kaka wa Lushi
Inasaidia sana. Ukitoka Kinshasa kwenda Boma hauna daraja lingine juu ya ule mto. Zamani ilikuwa chombo cha kuvusha, na ule mto haunaga mchezo. Sitasema livunjwe. Nasema tu tulilipia chakula cha watu kumi akala mmoja.

#31 Binti Likoni
Mbona nyote mwahesabu magari? Kwenye hesabu zenu sijaona maiti. Aprili 1994 pale Mtongwe feri ilizama, watu 272. Mwaka 2019 gari la mama na mwanawe liliteleza kutoka feri Likoni jioni, nchi nzima yatazama, na siku kadhaa zikapita kabla hawajatolewa. Sasa Mhasibu, hebu niandikie: hiyo yaingia safu gani? Ya tozo ama ya riba?

#32 Mhasibu Mstaafu
Binti, kuna njia rasmi ya kuingiza. Wataalamu huweka thamani ya ajali zilizoepukwa, saa zilizookolewa, mafuta, uchakavu. Kisha wanajumlisha. Sisemi ni njia nzuri. Kwa Likoni hata ukiacha vifo nje, saa za watu laki tatu kila siku zinatosha kubeba daraja. Kwa Katembe hazitoshi, kwa sababu Katembe palikuwa na watu wachache na shamba kubwa. Kivuko kimoja tu kikifanya kazi vizuri kingewamudu.

#33 Binti Likoni
"Kikifanya kazi vizuri." Wewe hujapanda feri siku nyingi.

#34 DerevaWaMasafa
Wakuu, jana nimevuka kwenda kuona mwenyewe. Nawaletea ripoti. Katembe panajengwa: nyumba mpya, viwanja vimewekewa uzio, mabango ya kuuza kila kona. Dereva aliyenipeleka ni mwenyeji, anasema viwanja vimepanda bei kiasi kwamba yeye aliyezaliwa pale hawezi kumnunulia mwanawe. Barabara ya Ponta do Ouro ni lami safi, zamani ilikuwa mchanga wa gari la magurudumu manne yote na nusu siku inaisha njiani, leo ni chini ya saa mbili. Pale hifadhini tembo wanaonekana karibu na barabara. Magari yenye namba za Afrika Kusini ni mengi, mengi sana kuliko nilivyoona nikiwa kibarazani, ila ilikuwa mwisho wa wiki.

#35 Kigambonian
Kwa hiyo daraja tupu limejaa ghafla 😂

#36 DerevaWaMasafa
Kujaa bado. Lakini nilichokiona sikukitegemea. Swali langu limegeuka: faida ipo, inaenda mfukoni mwa nani? Mwenye kiwanja amepata bila kuchangia hata senti ya zege. Serikali imebaki na deni na kibanda cha tozo.

#37 Fundi Zege
Umefika penyewe. San Francisco walilijua hilo mapema. Golden Gate lilijengwa kwa hatifungani za dola milioni 35, wapiga kura wa wilaya husika wakaziidhinisha mwaka 1930, na rehani ilikuwa mali zao wenyewe: mashamba, nyumba, biashara za wale ambao bei zingepanda. Ukitaka daraja, weka nyumba yako. Lilifunguliwa 1937, hatifungani ya mwisho ikalipwa 1971, mtaji na riba vyote kutoka kwenye tozo.

#38 Mama Zuhura Store
Na baada ya 1971 wakaacha kutoza?

#39 Fundi Zege
Hawakuacha.

#40 Mama Zuhura Store
Nilijua tu.

#41 Fundi Zege
Mama, si wizi. Sehemu inaendesha mabasi na boti za eneo lile, sehemu ni matunzo. Daraja la kuning'inia linakula hela hata likiwa limelala. Adui wake ni unyevu kuingia ndani ya waya mkuu, mahali ambapo macho hayafiki. Scotland lile la Forth, la mwaka 1964, lilifunguliwa waya kukaguliwa miaka ya 2000 wakakuta nyuzi zimeoza na kukatika, nguvu imepungua kama asilimia 8 hadi 10. Ikabidi wapulizie hewa kavu ndani ya nyaya, na hatimaye wakajenga daraja jipya pembeni, likafunguliwa 2017. Hiyo ni Uskoti, hewa ya baridi, serikali yenye pesa. Maputo ni chumvi, joto na dhoruba. Kampuni ya Kijerumani GAUFF ndiyo iliyosimamia ubora wakati wa ujenzi, nami sina shaka na kazi. Ninachouliza ni bajeti ya miaka 30 ijayo iko wapi, na iko kwa sarafu gani.

#42 Mzee Msata
Uskoti na Scotland si pamoja? Umetaja mara mbili kwa majina mawili, nikadhani madaraja mawili.

#43 Fundi Zege
Pamoja, mzee.

#44 JichoLaTai
Ninyi mnasahau jambo moja. Biashara halisi ya Maputo na Afrika Kusini inapita Ressano Garcia kwenda Johannesburg. Makaa, kromu, magari, matunda, yote huko. Hakuna hata lori moja kati ya hayo lenye haja ya kuvuka Katembe. Kwa hiyo daraja la gharama kuliko yote limejengwa njia ambayo mzigo haupiti. Dereva, mwenyewe mzigo wako unasubiri upande gani?

#45 DerevaWaMasafa
Upande wa mjini. Tena umesema kweli, sisi wa malori daraja hili tunalitazama tu.

#46 Mwana wa Palma
JichoLaTai leo umeongea. Na kule mpaka wa Kosi Bay, hapo hapo Ponta do Ouro, kilichokuwa kinapita kwa wingi ni magari ya wizi kutoka KwaZulu-Natal. Wenzetu wakaanza kuweka kuta za zege mpakani.

#47 Mchuuzi wa Istanbul
Wizi ulikuwepo kabla ya daraja, tusilisingizie. Waliokuwa wanapitisha magari kwenye mchanga hawakuhitaji lami.

#48 Mwana wa Palma
Hawakuhitaji, lakini hawakuikataa.

#49 Mhasibu Mstaafu
Nirudi kwa #44. Hoja ni nzito, lakini ina jibu: njia ya Durban kupitia Kosi Bay ilikuwa haifai kwa mzigo KWA SABABU hapakuwa na daraja wala lami. Huwezi kupima haja ya kuvuka kwa kuhesabu wanaoogelea. Ila mwenye kujenga ndiye anapaswa kuthibitisha mzigo utakuja, si mimi kuthibitisha hautakuja.

#50 Kigambonian
Wakati mnabishana, Mwanza wamefungua daraja la Kigongo–Busisi Juni 2025. Kilomita 3, zaidi ya bilioni 700, pesa yetu ya ndani, hakuna tozo. Mnaiwekaje?

#51 Mama Zuhura Store
"Pesa yetu ya ndani" tena jamani 🙆🏾‍♀️ Ikitoka NSSF ni yangu, ikitoka hazina ni yangu.

#52 Fundi Zege
Busisi ni nguzo nyingi na nyaya fupi, si la kuning'inia. Ziwani hakuna meli ya makontena inayotaka kupita mita 60 juu. Kila maji na daraja lake.

#53 Msukuma Halisi
Nyie mnahesabu, sisi Sengerema tunavuka dakika nne tunaenda zetu. Zamani ukifika Kigongo usiku pantoni imelala, unalala nayo. Mgonjwa akizidiwa je? Endeleeni na riba.

#54 Mpemba wa Hull
Msukuma, hayo hayo ndiyo wanayosema watu wa hapa kwangu.

#55 DerevaWaMasafa
Nyongeza moja kutoka huku. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024, maandamano yaliposhika kasi, vituo vya tozo kuzunguka Maputo vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kushambuliwa, na upinzani ukawaambia watu wasilipe. Dereva wangu anasema kwa muda watu walikuwa wanapita bure. Nikamuuliza, je magari yaliongezeka? Akacheka akasema, "Yaliongezeka sana, patrão" (bosi).

#56 Kigambonian
Nilisema #3! Bei ndiyo imewashinda. Naomba uzi ufungwe.

#57 Mhasibu Mstaafu
Usifungwe. Hiyo inathibitisha watu wanataka kuvuka, haithibitishi daraja linajilipa. Bure, kila kitu kina wateja.

#58 Binti Likoni
Likoni waenda kwa miguu hawalipi feri, na serikali haijafilisika kwa hilo. Mwaweza kuvusha watu bure mkatoza mizigo. Kwani lazima kila daraja lijilipe lenyewe? Barabara ya kwenda shambani kwa mheshimiwa yajilipa?

#59 Mzee Msata
😂 Binti, hiyo ya mheshimiwa peleka jukwaa la siasa.

#60 JichoLaTai
Mhasibu bado hajamjibu Binti #31. Vifo vinaingia safu gani, na kwa bei gani? Aandike tarakimu.

#61 Mhasibu Mstaafu
Tarakimu ninayo, ya namna wanavyokokotoa, lakini nikiiandika hapa mtanila nyama. Nikitoka swala ya Ijumaa nitaweka.

#62 Mama Zuhura Store
Tupo. Na Dereva, kabla hujaondoka huko niulizie kamba wa Maputo kilo bei gani, nasikia ni wakubwa.